Uwanja Usio na Kuta

Mhadhara kwa walimu, wafanyabiashara wa mpakani na vijana wa Umurenge wa Gashonga, Wilaya ya Rusizi



Nianze na pingamizi ambalo nimelisikia kabla hata sijasimama. Mzee mmoja amenivuta pembeni akaniuliza: mwalimu, unatuletea habari za kupiga marufuku sigara katika bustani za umma, hebu nionyeshe bustani ya Gashonga. Swali la haki kabisa. Kigali wana Nyandungu, ile bustani ya ardhioevu iliyofunguliwa mwaka 2022, ambako watu huenda kutembea na kuendesha baiskeli. Kamembe, mtu anaweza kukaa ukingoni mwa Ziwa Kivu jioni akatazama taa za Bukavu zikiwaka ng'ambo. Sisi tuna kahawa, tuna mihogo, tuna mteremko na baada ya mteremko kuna mteremko mwingine. Bustani yenye geti na benchi zilizopakwa rangi hatuna.

Lakini nami nikamuuliza mzee: bustani ya umma ni nini, kama si mahali ambapo kila mtu anaruhusiwa kuwepo bila kulipa na bila kuomba ruhusa? Kwa kipimo hicho tunazo kadhaa. Uwanja wa mpira ni bustani. Eneo la wazi mbele ya ofisi ya umurenge ni bustani. Kivuli tunachokimbilia Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda ukiisha, majembe yakiwekwa chini na mkutano ukianza, ni bustani. Nyasi za kituo cha afya, ambako akina mama hukaa na watoto mgongoni siku ya chanjo, ni bustani, tena ndiyo muhimu kuliko zote. Nikisema bustani leo, nasema hizo.

Sheria tunayo. Rwanda iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2005, na tarehe 1 Machi 2013 ikatoka Sheria Namba 08/2013 ya kudhibiti tumbaku, inayokataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma na yanayokusanya watu, na inayokataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani nimekuja kuomba sheria mpya itungwe. Ninachotaka tukijadili ni kile ambacho mkataba wenyewe ulikiachia kila nchi na kila kijiji. Kifungu cha 8 cha mkataba huo ni kikali kuhusu ofisi, vyombo vya usafiri na majengo ya umma: huko kinga ni lazima. Kikifika nje ya kuta, sauti inashuka. Kinasema kinga itolewe pia katika maeneo mengine ya umma, pale inapofaa. Panafaa wapi? Mkataba haujibu. Anayejua panapofaa Gashonga ni mtu wa Gashonga.

Sasa nitasema jambo ambalo wapinzani wa sigara wenzangu hawapendi lisemwe hadharani. Moshi wa nje si sawa na moshi wa ndani. Mwaka 2007 mtafiti Neil Klepeis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vya moshi wa sigara katika maeneo ya wazi. Waliona kwamba ukikaa nusu mita kutoka kwa mvutaji, na upepo ukakuelekea, unaweza kuvuta moshi mzito kama ule wa ndani ya nyumba. Lakini ukisogea zaidi ya mita 2 hivi, moshi hupungua sana, na sigara ikizimwa hewa hurudi ilivyokuwa karibu papo hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao watu wapatao milioni 1.6 hawavuti wenyewe, wanavutishwa. Hao milioni 1.6 hawakuuawa na mtu aliyepita uwanjani na sigara yake. Moshi unaoua asiyevuta ni ule unaorudiwa kila siku, chumbani, baani, ofisini, ndani ya gari lililofungwa vioo. Baba anayezima sigara akifika uwanjani, kisha akawasha nyingine akiwa amekaa kitandani na mtoto wake, amemlinda nani?

Wengi wakisikia hivyo husema basi hoja imekwisha, nje kila mtu avute atakavyo. Mimi naona hapo ndipo hoja inapoanza, kwa sababu vile vipimo vimetupa kitu cha kushika. Mita 2. Swali likawa jepesi: asiyevuta anaweza kusogea hizo mita 2?

Mkulima aliyeko shambani peke yake anavuta. Hakuna anayehitaji kusogea. Mwacheni. Mama aliye kwenye foleni ya chanjo hawezi kusogea. Akitoka kwenye foleni amepoteza nafasi yake, na amefika hapo kwa miguu kutoka chini bondeni. Mgonjwa wa pumu aliyeketi kwenye benchi pekee la kivulini hawezi kusogea, labda akasimame juani. Mtoto wa darasa la tatu anayeangalia mechi hatasogea hata akiumwa na moshi. Yuko pale kwa ajili ya mpira, na kaka anayevuta ndiye mfungaji bora wa timu. Abiria wa pikipiki anaweza kusogea, lakini dereva akimwita lazima arudi, na kofia ngumu anayopewa imeshavutiwa sigara na watu kumi kabla yake. Pale ambapo mtu amefungwa na foleni, na benchi, na umri au na shida yake, hapo panafaa kukatazwa, hata kama juu yetu ni mawingu matupu. Pale ambapo mtu yuko huru kuondoka, tusijifanye polisi.

Majirani zetu wamelipitia jambo hili kabla yetu, na kila mmoja ameacha funzo lake. Uganda walianza na haki. Desemba 2002, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la mazingira la TEAN, Jaji J. H. Ntabgoba wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuvuta sigara mahali pa umma kunavunja haki ya wasiovuta ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa kwa eneo letu zima, kwa sababu uligeuza mazungumzo. Zamani asiyevuta ndiye aliyeonekana msumbufu: mbona unakohoa, mbona unakunja uso? Baada ya hukumu ile, mwenye kuomba radhi akawa mwingine. Miaka 13 baadaye Bunge la Uganda likapitisha sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, ikaanza kufanya kazi Mei 2016. Kampuni ya British American Tobacco ya Uganda ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga. Mwaka 2019 ikashindwa.

Lakini sheria hiyo hiyo ilikataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na hapo, kwa maoni yangu, ilipita kiasi. Chukueni kamba mpime. Mita 50 kutoka mlango wa kituo cha afya, mita 50 kutoka shule, 50 kutoka sokoni, 50 kutoka kanisani na 50 kutoka msikitini. Katika vituo vyetu vya biashara vilivyobanana kando ya barabara, mkimaliza kupima mvutaji atakuwa amebakiwa na shamba la mihogo la jirani, na jirani hakuulizwa. Sheria ambayo kila mtu anaivunja kila siku bila kuadhibiwa huwafundisha watu kuzidharau na sheria nyingine.

Kenya walichukua njia tofauti. Nakuru ilikataza sigara hadharani mwaka 2006, kabla ya sheria ya nchi. Sheria yenyewe ilitungwa mwaka 2007, ikaanza kutumika mwaka uliofuata, na adhabu ya kuvuta mahali pa umma inaweza kufika faini ya shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 6. Nairobi ikatenga vibanda na pembe maalumu za kuvutia katikati ya jiji. Watu walizicheka sana pembe hizo, wanaume waliovaa suti wamesimama wamebanana kwenye moshi wao kama mbuzi waliosubirishwa mnadani. Mimi nazitetea. Mvutaji wa Nairobi anajua aende wapi, na askari anajua amkamate wapi.

Funzo jingine la Kenya ni la shisha, na linawahusu viongozi waliomo humu. Rwanda ilikataza shisha katikati ya Desemba 2017, kwa tangazo la Waziri wa Afya wa wakati huo, Diane Gashumba. Wiki mbili baadaye Kenya nayo ikakataza. Tanzania ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Kisha mwaka 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikawaachia watu 48 waliokamatwa kwa shisha, kwa hoja kwamba kanuni ile haikuwa imepelekwa bungeni kama ilivyotakiwa. Haikuamua kwamba shisha ni salama. Iliamua kwamba njia haikufuatwa. Nalisema hili kwa sababu hapa kwetu kuna tabia ya kiongozi kubandika karatasi ukutani asubuhi na kudai faini jioni. Mnaotaka kukataza sigara uwanjani, lipelekeni jambo lenu kwenye inteko ya wananchi kwanza, lisemwe, lipingwe, liandikwe.

Ulaya na Marekani nitawapitia haraka, maana vyombo vya habari vimewasema vya kutosha. New York ilikataza sigara katika bustani na fukwe zake Mei 2011, faini dola 50, na kazi ya kusimamia ikapewa walinzi wa bustani, si polisi. Ufaransa ilikataza kuanzia tarehe 29 Juni 2025 katika bustani, fukwe, vituo vya basi na karibu na shule, faini euro 135. Ikaacha baraza za mikahawa, na ikaacha sigara za kielektroniki. Hizo za kielektroniki nitazirudia.

Kabla ya hapo kuna jambo la vipisi, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nchi hii ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikaongeza sheria nyingine mwaka 2019 dhidi ya plastiki za kutumia mara moja na kutupa. Wafanyabiashara mnaovuka Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili mnalijua jambo hili kwa mikono yenu: umetoka Bukavu na bidhaa zako, ukifika upande huu mfuko unabaki mpakani, wewe unahangaika kuhamisha nyanya kwenye kikapu. Sawa. Kisha bwana mmoja anapita na sigara mdomoni, anavuta pafu la mwisho, anaangusha kipisi, anakikanyaga, anaendelea na safari. Kile kichujio cheupe kilicho mwishoni mwa sigara kinafanana na pamba, lakini ni plastiki, nyuzi za selulosi asetati, na ndani yake kimebeba nikotini na sumu nyingine zilizochujwa. Duniani hutupwa vipisi vinavyokadiriwa kuwa trilioni 4.5 kwa mwaka. Mfuko wa plastiki angalau unauona ukipeperuka, unaweza kuukimbilia. Kipisi kinaingia kwenye mtaro, mvua ya Aprili inakisukuma bondeni, na bonde letu linajulikana linakopeleka maji yake. Katika umuganda tunafagia majani na kukata vichaka. Vipisi tunaviruka kwa sababu ni vidogo na kuinama kunachosha. Anayedai kwamba kuvuta uwanjani ni jambo lake binafsi, nitakubali nusu ya hoja yake siku atakapoondoka na kipisi chake mfukoni.

Kuna pia hatari ya moto. Wazee wanakumbuka mwaka 1997, ukame ulipobana na Nyungwe ikaungua sehemu kubwa. Miaka hiyo lawama nyingi ziliwaangukia warina asali, waliokuwa wakiwafukiza nyuki kwa moshi ndani ya msitu. Leo mizinga mingi imehamishiwa pembezoni. Tangu Septemba 2023 Nyungwe iko katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Na sisi wa Rusizi tuna kipande chake kilichobaki peke yake, Cyamudongo, msitu mdogo wenye sokwe, uliozungukwa na mashamba ya watu pande zote. Katika msitu mkubwa, moto ukila upande mmoja wanyama hukimbilia mwingine. Cyamudongo hakuna upande mwingine wa kukimbilia. Kwa hiyo lile swali langu la mita 2 lina mahali pamoja ambapo asiyeweza kusogea si binadamu. Ndani na pembezoni mwa msitu, kati ya Juni na Agosti, sigara isiwashwe, hata na mtu aliye peke yake kabisa.

Sasa naona bibi mmoja amekaa pale mbele ananitazama kwa jicho kali, na najua kwa nini. Bibi, sijaja kuchukua kiko chako. Igikamba, ile tumbaku ya kienyeji, kilichopandwa nyuma ya nyumba, kikakaushwa na kuvutwa jioni barazani kwako ni jambo kati yako na kifua chako. Kitakudhuru, mjukuu wako mhudumu wa afya ameshakuambia, na wewe umeshamjibu. Nisingependa kuona kampeni ya kuokoa bustani inaishia kumfedhehesha mwanamke mzee huku kijana mwenye pakiti mpya inayong'aa akipita. Takwimu za Wizara ya Afya zinaonyesha matumizi ya tumbaku nchini yameshuka kutoka takriban asilimia 13 mwaka 2013 hadi takriban 7 mwaka 2022. Katika kipindi hicho hicho wanywaji wa pombe walipanda kutoka takriban asilimia 41 hadi 48. Najua leo sikuitwa kusema juu ya pombe, lakini msije mkanishangilia kwa habari ya sigara kisha tukakutana baadaye pale mnapojua.

Kilichoshusha uvutaji, kwa jinsi ninavyoona, si mabango. Ni bei na aibu. Mwaka 2025 serikali ilipandisha ushuru wa sigara kutoka faranga 130 hadi 230 kwa pakiti, pamoja na asilimia 36 ya bei ya rejareja. Kijana wa Gashonga anayenunua sigara moja moja dukani anaihisi faranga kuliko anavyolisoma onyo. Na aibu tayari imefanya kazi yake ndani ya magari ya abiria: leo hakuna anayewasha sigara ndani ya basi la kwenda Kigali, na sidhani kama ni kwa hofu ya polisi. Abiria wote wangegeuka kumtazama. Uwanjani bado hawageuki.

Nirudi kwenye vepu, hizi sigara za umeme. Hapa Gashonga bado ni chache, ni za vijana waliotoka Kigali kwa likizo, kidude kidogo kinachokaa kwenye kiganja na kutoa harufu ya embe au mnanaa. Hazitoi moshi wa jani linaloungua. Zinachemsha kimiminika, mara nyingi chenye nikotini, kikawa mvuke. Uganda imezikataza kabisa. Ufaransa, kama nilivyosema, imeziacha nje ya katazo la bustani, kwa hoja kwamba zinawasaidia wengine kuacha sigara. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu mzima aliyevuta miaka 20. Haina uzito wowote kwa mtoto wa miaka 14 ambaye hajawahi kugusa sigara na anaianza nikotini kwa ladha ya embe. Mvuke hutawanyika haraka kuliko moshi, hilo nalikubali, na kwa kifua cha jirani hatari yake uwanjani ni ndogo. Lakini ningeziweka katika katazo moja na sigara, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya msimamizi: mtampa mkuu wa umudugudu kazi gani, anuse kila wingu aamue lipi ni moshi na lipi ni embe? Ya pili ni ya takataka. Zile za kutupwa zina betri ya lithiamu ndani. Sisi ambao hatujapata pa kupeleka betri za tochi, hizo tutazifukia wapi?

Nimalizie na ombi langu kwa inteko, na ni dogo. Nyasi na benchi za kituo cha afya, na njia inayoingia hapo: pasivutwe kabisa. Uwanja wa mpira wakati kuna watoto, yaani karibu wakati wote isipokuwa usiku: pasivutwe, na mtengwe pembe moja nyuma ya goli, upande ambao upepo hausukumi moshi kwa watazamaji, iwekwe kopo la mchanga kwa ajili ya vipisi. Anayesimamia asiwe kijana wa miaka 18 aliyetumwa kumkemea baba yake. Awe mtu mwenye umri na anayeheshimika, mwenyekiti wa timu kwa mfano, na kosa la kwanza liwe la kuambiwa tu. Tangazo liandikwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, maana wageni wetu wa siku ya soko hawatoki wote upande huu wa mto Rusizi.

Mahali pa tatu ni kituo cha pikipiki, na hapo nakiri sina uhakika kama katazo linafaa. Madereva wanakaa pale tangu alfajiri, ndiyo ofisi yao, na wengine wanavuta ili kukabili baridi na usingizi. Abiria naye anasubiri palepale na hana pengine pa kusubiri. Kwa lile swali langu, anayeshinda ni abiria. Lakini madereva wamo humu ndani, nawaona, wawili wameshanyanyua mikono, na ningependa wao ndio waanze kusema.